Antijeni kwenye damu, kichwa hakijauma: kisa cha mvuvi wa dagaa

Kisa hiki kimetoka wodi ya wanaume ya hospitali moja ya Mwanza. Jina la mgonjwa, kisiwa alikotoka, umri kamili na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa ili asitambulike. Nimekiandika nikiwa upande wa famasi, kwa hiyo msomaji atakuta vidonge vimehesabiwa zaidi ya kawaida.

Usuli

Kriptokokasi ni fangasi wa udongoni na wa kinyesi cha ndege, njiwa hasa. Huingia mwilini kwa pumzi. Mwenye kinga imara humdhibiti bila hata kujua. Mwenye VVU ambaye CD4 zake (chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu) zimeporomoka hushindwa, na fangasi huyo hutoka mapafuni, huingia kwenye damu, kisha hukimbilia ubongo na utando wake. Hapo inakuja homa ya uti wa mgongo ambayo kila aliyefanya kazi wodi za ndani anaijua kwa sura: mtu ameshika kichwa kwa mikono miwili, hataki mwanga, hataki kuongeleshwa. Makadirio ya mwaka 2020 ni wagonjwa 152,000 duniani na vifo 112,000, karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano vya UKIMWI, na sehemu kubwa ni huku kwetu kusini mwa Sahara. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, Oktoba 2022, huyu aliwekwa kundi la juu kabisa pamoja na Candida auris, Candida albicans na Aspergillus fumigatus.

Ukitaja kuzuia fangasi hospitalini, wengi wetu tunafikiria usafi wa wodi. Kwa kandida ni sawa: mikono isiyonawiwa, kanula iliyosahaulika mkononi mwa mgonjwa, antibiotiki za nguvu zinazopigwa wiki baada ya wiki bila mtu kuuliza zitaisha lini. Kwa aspajilasi ni vumbi, hasa la ujenzi, linapomkuta mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe zimekwisha. Kriptokokasi hana njia hizo. Mgonjwa huja naye kutoka nyumbani, wala hamwambukizi wa kitanda cha pili. (Kwenye kisa hiki kuna aliyeuliza kama tumtenge. Hapana.) Kumzuia ni kumwahi akiwa bado kwenye damu, hajafika kichwani.

Na muda wa kumwahi upo. Utafiti uliofanyika Entebbe, ng'ambo ya Ziwa hili hili, na kuchapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa antijeni ya fangasi huyu, yaani vipande vya ganda lake, huonekana kwenye damu siku 22 hivi, kwa wastani wa katikati, kabla ya dalili kuanza. Kwa wengine ni miezi. Kipimo chenyewe ni kijiti kinachochovywa kwenye matone machache ya damu, dakika 10 jibu limetoka. Utafiti wa hapa Mwanza uliochapishwa mwaka 2014 uliikuta antijeni hiyo kwa watu waliokuja kliniki ya nje kwa miguu yao wenyewe kuanza ARV.

Kinachofanya kijiti hicho kisitumike mara nyingi si bei. Tangu mwaka 2016 Tanzania ilipoanza kumpa ARV kila anayekutwa na VVU bila kusubiri CD4, CD4 ikaonekana kipimo cha zamani, wingi wa virusi ukachukua nafasi yake. Uamuzi wenyewe ulikuwa mzuri na umeokoa watu wengi. Lakini wingi wa virusi unakwambia kama dawa inafanya kazi. Haukwambii kama mtu aliyelala mbele yako ana kinga ya kumfikisha mwezi ujao. Na kijiti cha kriptokokasi kilikuwa kimefungwa kwenye CD4: isipoombwa CD4, hakuna anayekumbuka kijiti.

Mgonjwa

Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mvuvi wa dagaa, mtu wa kuhama kambi kumfuata tajiri mwenye mitumbwi. Alikutwa na VVU miaka kadhaa nyuma, akaanza TLD (kidonge cha ARV chenye dolutegravia ndani), akaacha alipohamia mwalo mwingine. Kadi yake ya CTC, kliniki ya VVU, ilibaki kwenye begi la mtu. Aliletwa na dada yake mkubwa, mfanyabiashara mjini, baada ya wiki kadhaa za kuharisha na kukonda. Mdomoni alikuwa na utando mweupe. Hakuwa na homa ya kutajika wala kikohozi. Kichwa? Hakimuumi. Shingo laini. TB ilitafutwa kwenye mkojo na kwenye makohozi, haikuonekana.

Aliwekewa maji, akapewa dawa ya mdomo na kotrimoksazoli, na siku ya pili alikuwa anakaa mwenyewe kitandani na kumtuma dada yake chai ya maziwa. Mgonjwa wa kutia moyo.

Mchana wa Ijumaa cheti cha TLD kilifika dirishani kwetu. Daktari wa wodi alikuwa amepiga hesabu yake vizuri: mtu amekaa bila ARV zaidi ya mwaka, sasa anakula na anakunywa, wikiendi inaingia, tumrudishie dawa leo leo. Famasi iliuliza swali moja tu: CD4 ni ngapi? Damu ilikuwa imechukuliwa jana yake. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye rejista ya maabara, halijapanda wodini kwa sababu anayepandisha majibu alikuwa ameshapita raundi ya asubuhi.

Ilikuwa 38.

Uamuzi wa kwanza: ARV zisubiri

Kumzuilia mgonjwa ARV si jambo jepesi siku hizi, na daktari alihitaji sababu ya maana. Sababu ni hii. ARV zikianza kufanya kazi, kinga inaamka. Ikiamka ikakuta fangasi ameshaingia kwenye utando wa ubongo, inapigana naye ndani ya fuvu ambamo hakuna nafasi ya kuvimba. Kwa waliokwisha kupata homa ya uti wa mgongo jambo hili limepimwa: utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2014 uliwagawa wagonjwa makundi mawili, walioanza ARV ndani ya wiki mbili za kwanza na waliosubiri wiki tano hivi. Baada ya wiki 26, walioanza mapema walikuwa wamekufa asilimia 45. Waliosubiri, asilimia 30.

Wetu hakuwa na homa ya uti wa mgongo inayojulikana. Lakini neno "inayojulikana" lilikuwa limebeba mzigo mkubwa mno kwa mtu mwenye CD4 38. Tukakubaliana na daktari kwamba TLD ikae dirishani mpaka kijiti kisomwe.

Kijiti kilihitaji fomu ya pili yenye sahihi, na daktari alishaitwa chumba cha dharura. Hapa ndipo mtaalamu wa maabara aliyekuwa zamu alipofanya jambo ambalo halikuwa kwenye utaratibu wa hospitali: akaenda kwenye raki, akaitoa ile chupa ndogo ya damu iliyobaki baada ya CD4, akadondoshea matone machache kwenye kitubu na kuchovya kijiti. Mstari wa kuthibitisha ulitokea mapema. Wa pili ulianza kama kivuli cha waridi, ukakolea kabla dakika tano hazijaisha: mistari miwili, antijeni ipo. Fomu ilifuata baadaye.

Flukonazoli, dawa ya fangasi, miligramu 1200, ilianza jioni ile ile. Kulikuwa na wazo la kusubiri maji ya uti wa mgongo kwanza ili dawa "isiharibu" jibu. Hatukulikubali, dozi chache za flukonazoli haziifuti antijeni kwenye maji hayo, na wikiendi ya wodini ina tabia ya kurefuka.

Maji ya mgongo

Mtu mwenye antijeni kwenye damu na asiye na dalili anaweza kuwa kwenye moja ya hali mbili tofauti. Fangasi yuko kwenye damu tu, na vidonge vya kinga vitatosha. Au ameshafika kichwani kimyakimya, na vidonge vile ni nusu tiba, kwa maana flukonazoli peke yake ni dawa dhaifu kwa homa ya uti wa mgongo. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini ulikuta takribani theluthi ya wasio na dalili waliokubali kutolewa maji ya mgongo tayari wana antijeni humo. Theluthi si ya kubahatisha nayo. Anayekutwa nayo anastahili tiba kamili: tangu mwaka 2022 pendekezo la Shirika la Afya Duniani ni dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14.

Dada alikataa. Alikataa kwa adabu, akiwa amesimama.

"Dokta, shikamoo. Nisikilize. Mume wa jirani yangu alichomwa mgongo jioni, asubuhi tukaitwa tukachukue maiti. Mdogo wangu anakula. Mnamchoma ili iweje?"

Baba mdogo aliyekuja kutoka kijijini akaunga mkono. Daktari akaeleza, kwa maneno sahihi, kuhusu antijeni. Maneno yalikuwa sahihi na hayakufika popote. Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita.

Sitaki mtu asome kipande hiki akadhani familia ilikuwa na ujinga. Yule jirani alikufa kweli. Kwa miaka mingi sindano ya mgongo wodini kwetu ilikuwa inafanywa mgonjwa akiwa hajitambui, hospitali ikiwa imejaribu dripu, kwinini, antibiotiki na kila kitu kingine kwanza. Aliyeshuhudia alichokiona ni sindano, halafu kifo, kwa mpangilio huo. Sifa mbaya ya kipimo hiki tumeijenga wenyewe kwa kukichelewesha.

Jumatatu asubuhi muuguzi mkuu wa wodi, mama wa umri ambao hata baba mdogo alimwamkia, alivuta kiti akakaa. Hakuanza na antijeni.

"Huyo jirani yenu, siku ya sindano alikuwa anaongea?"

"Alikuwa hajitambui, mama. Siku ya tatu."

"Basi sindano ilimkuta njiani."

Kisha akamgeukia mgonjwa. Hili ndilo ambalo siku tatu nzima halikufanyika: mgonjwa ni mtu mzima, ana akili zake, anasikia kila neno, na mazungumzo yote yalipita juu ya kichwa chake kwenda kwa dada.

"Mwanangu, na wewe unasemaje?"

Alikuwa na swali moja. Akichomwa, ataweza kuvuta nyavu?

Akajibiwa bila kupambwa. Utalala chali kwa saa chache. Kiuno kitauma siku mbili tatu, kichwa nacho huenda kikauma siku moja au mbili. Nyavu utavuta ukipata nguvu, na nguvu hizo zinakwamishwa na kukonda, siyo na sindano. Dada alibaki kimya, baba mdogo akatoka nje kwenda kuongea na simu. Mgonjwa akaomba kalamu.

Hakuwa na udhaifu wa upande mmoja, wala degedege, wala kuchanganyikiwa, kwa hiyo hatukuona haja ya kutafuta CT skani kwanza. Maji yalitoka safi kama ya kunywa, msukumo sentimita 15, wa kawaida. Wino wa India, wa kumtafutia fangasi kwa hadubini, haukuonesha kitu, na kijiti kilipochovywa kwenye maji yale kilibaki na mstari mmoja: antijeni haimo.

Hesabu ya vidonge

Kwa hiyo tulikuwa na mtu ambaye bado anaweza kukingwa. Dozi tulizofuata: miligramu 1200 kwa siku kwa wiki mbili, kisha 800 kwa wiki nane, kisha 200 kila siku kwa angalau miezi sita na mpaka CD4 zivuke 200. Ziandike kwa vidonge vya miligramu 200 uone: sita kwa siku mara 14 ni 84, vinne kwa siku mara 56 ni 224. Jumla 308 kabla hata hajafika kwenye kile kimoja kwa siku. Stoo ya zahanati haijawahi kuagizwa kwa hesabu hiyo.

ARV zilipangwa kuanza siku ya 14 ya flukonazoli. Dolutegravia haigombani na flukonazoli. Angekuwa bado kwenye nevirapini, ARV ya zamani, tungekuwa na wasiwasi wa ini. Angekuwa na TB hesabu ingebadilika zaidi, kwa sababu rifampisini inaishusha flukonazoli mwilini na inalazimisha dolutegravia kumezwa mara mbili kwa siku. Kwa mwanamke tungepima ujauzito kabla ya dozi hizi kubwa. Vipimo vyake vya ini vilikuwa sawa.

Aliruhusiwa akakae kwa dada yake mjini mpaka siku ya kuanza ARV. Alikuja siku ile ile aliyoambiwa, amenyoa, akaanza TLD mbele yetu, akapewa dawa za siku 28 na tarehe ya kurudi. Akapanda boti.

Kambini

Kompyuta ya kliniki hutoa tarehe kwa kuongeza siku 28. Haijui mwezi.

Dagaa huvuliwa gizani. Taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinavutwa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi; mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu, wanapiga mahesabu na tajiri, wanakwenda mjini. Anayeondoka kambini katikati ya giza anaacha mgao wake, na mara nyingi anaacha na nafasi yake kwenye mtumbwi. Tarehe ya mgonjwa wetu iliangukia gizani. Hakuja.

Alichofanya kinaonesha mtu makini. ARV alizifuata zahanati ya kisiwa, ambako zipo. Akauliza na flukonazoli. Haikuwepo ya 200. Akaenda duka la dawa na pakiti tupu mkononi, akauziwa flukonazoli. Ila ilikuwa kapsuli ya miligramu 150, ile inayouzwa moja moja kwa fangasi wa ukeni, dozi moja imekwisha. Jina kwenye boksi ni lile lile. Akawa anameza moja kila siku. Kutoka miligramu 800 amefika 150, kwa moyo mweupe, na ARV zinaendelea. Yaani hali ile ile tuliyoikwepa siku ya Ijumaa: kinga inaamka, dawa ya fangasi haipo ya kutosha.

Alirudi mbalamwezi ilipotoka, wiki mbili karibu zimepita baada ya tarehe, na maganda ya zile kapsuli kwenye mfuko wa rambo ili tuone kwamba hakuacha. Kichwa kilikuwa kinamuuma siku ya nne.

Kipimo cha haraka cha malaria kikasoma ndiyo. Kwenye visiwa vyetu hilo si habari, na hapo ndipo pa hatari: jibu limepatikana, ALu, dawa ya malaria, imeandikwa, mtu amerudi kwao. Daktari hakukubali malaria ifunge faili. Mwenye antijeni akilalamika kichwa, maji ya mgongo yanarudiwa hata kama kuna maelezo mengine mazuri. Kuna aliyependekeza turudie kijiti cha damu badala yake. Hakisaidii, antijeni hubaki kwenye damu miezi mingi hata mgonjwa akiwa anaendelea vizuri, kwa hiyo mistari miwili ingetuambia tunachokijua.

Safari hii hakuna aliyebishana. Mgonjwa alijigeuza ubavu mwenyewe. Msukumo wa kawaida, mstari mmoja.

Alipewa ALu. Kwa kuwa ALu na flukonazoli ya dozi kubwa zote zinaweza kuvuruga umeme wa moyo, alifanyiwa ECG kwanza, ikawa safi. Flukonazoli 800 ilianza upya na wiki nane zikahesabiwa kutoka sifuri. Huo ni uamuzi wa wodi, si wa mwongozo. Tuliona ni afadhali ameze vidonge mia zaidi kuliko tukisie zile kapsuli zilikuwa na thamani gani.

Kalenda mpya

Tarehe zake ziliacha kutolewa na kompyuta. Muuguzi wa kliniki alizipanga kwa mbalamwezi, akampa dawa za siku 35 ili boti ikichelewa asikwame. Mwezi huzunguka kwa siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo tarehe ya siku 28 hurudi nyuma siku moja na nusu kila mara. Ukianza vizuri kwenye mbalamwezi, baada ya miezi kadhaa umeshamwingiza mtu gizani bila kukusudia. Wavuvi wa dagaa wanaoonekana kwenye rejista kama "watoro" wanafaa kuangaliwa upya kwa jicho hilo.

Njia ya pili ilikuwa dada. Kwa ridhaa ya mgonjwa alikubaliwa kuchukua flukonazoli mjini na kuituma kwa boti za mizigo zinazotoka Mwaloni, Kirumba. Bahasha ilifungwa, ikaandikwa jina na idadi ya vidonge kwa siku, basi. Na kwenye kila pakiti tukaandika kwa kalamu nene: VYA 200. USINUNUE VYA 150.

Matokeo

Miezi sita baada ya kuanza ARV, wingi wa virusi ulikuwa chini ya 50. CD4 zilipanda kutoka 38 hadi 126. Hakupata homa ya uti wa mgongo. Amerudi mtumbwini, na bado anameza miligramu 200 kwa siku kwa kuwa 126 haijafika 200.

Kilichofaa na kilichokwama

Kilichobeba kisa hiki ni damu iliyobaki kwenye chupa. Kama kijiti kingesubiri fomu, na fomu isubiri Jumatatu, TLD ingekuwa imemezwa siku tatu. Maabara ya taifa ya Afrika Kusini iliacha kusubiri fomu tangu mwaka 2016: CD4 iliposoma chini ya 100, kipimo cha kriptokokasi kilifanywa kwenye damu ile ile bila kuombwa. Kwetu ulikuwa wema wa mtu mmoja. Mtaalamu yule alipokwenda likizo, raki ilirudi kuwa raki. Tulipopitia rejista ya wiki zile tulikuta CD4 za chini ambazo hazikufuatiwa na kijiti, na vijiti vipo kabatini, havijaisha muda. Sasa kuna karatasi ukutani maabara yenye sahihi ya mkuu wa idara: CD4 chini ya 200, pima, fomu itafuata. Karatasi inasaidia. Pale wafanyakazi wapya wanapoingia, inabidi wasomewe.

La mgongo, maoni yangu ni kwamba siku tatu zilipotea kwa kuongea na asiyehusika na kwa kuongea jambo lisiloulizwa. Familia iliuliza kuhusu kifo cha jirani, ikajibiwa kuhusu fangasi. Sidhani tunahitaji kipeperushi cha rangi. Tunahitaji wagonjwa wanaoongea na kula wachomwe mapema, watoke wakitembea, majirani wawaone.

Kuhusu ufuatiliaji, kuna utafiti ambao huwa tunautaja nusu. Uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa mwaka 2015: wagonjwa wenye CD4 za chini waliopimwa kriptokokasi na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo na wahudumu wa jamii, vifo vilipungua kwa asilimia 28 kulinganisha na waliopata huduma ya kawaida. Mikutanoni tunanukuu kijiti na kuwasahau waliokwenda nyumbani kwa watu. Mgonjwa wetu hakutembelewa na mtu. Hata akipata dozi zote, mwenye antijeni hubaki na hatari kubwa ya kufa kuliko mwenzake mwenye CD4 kama zake asiye na antijeni, kwa hiyo wiki zile za kwanza si za kumwachia boti.

Na ile kapsuli ya 150. Sioni kosa la muuza duka. Aliletewa pakiti, akatoa kinachofanana. Cheti chetu cha ruhusa kiliandika "flukonazoli" na idadi ya vidonge kwa siku, bila kutaja miligramu za kila kidonge, kwa sababu hospitali ina aina moja tu na kila mtu ndani ya geti anaijua. Nje ya geti zipo mbili. Cheti kimebadilishwa.

Zahanati ya kisiwa kile sasa inapokea flukonazoli ya 200, lakini kwa mgao wa hospitali, si kwa oda yake yenyewe, na mgao unahesabiwa kwa jina la mgonjwa huyu mmoja. Wapo wengine wawili wenye antijeni waliorudi visiwa vya jirani. Dawa zao bado zinapita Mwaloni, na mwezi uliopita bahasha moja ilichelewa siku tano kwa sababu ya upepo.